Kiraka na Ufumaji Upya: Uhakiki wa Matunzo ya Msimbo wa Samba

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna msimbo wa Samba, programu huria ya seva inayowezesha kompyuta kushirikiana faili mtandaoni, ulivyotunzwa na kuboreshwa tangu 1992. Hoja yake kuu ni kwamba matunzo ya msimbo yapimwe kwa kuangalia mahali kasoro inapoweza kurekebishwa, na si kwa idadi ya viraka vilivyotolewa. Kasoro zilizotangazwa 2012, 2017 na 2022 zinalinganishwa, kisha athari za ulinganisho huo kwa ununuzi wa vifaa vya serikali na vyuo katika Afrika Mashariki zinajadiliwa.

Istilahi kuu: programu huria, matunzo ya msimbo, kiraka, uandishi upya, usalama wa data

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kisera kuhusu programu huria huanzia kwenye bei na leseni, na mara nyingi huishia hapo hapo. Programu ikishapatikana bila malipo na msimbo wake ukawa wazi kwa kila mtu, swali huchukuliwa kuwa limejibiwa. Anayeusoma msimbo huo mwaka baada ya mwaka, anayerekebisha sehemu zilizochakaa, na anayethubutu kusema kwamba sehemu fulani haifai tena kutiwa kiraka, hatajwi. Lugha yenyewe inasaidia kulificha jambo hili: kitenzi “kuunda” kimepata heshima katika maandishi ya teknolojia ya Kiswahili, ilhali “kutunza” kimeachiwa bustani na wagonjwa.

Samba inafaa kuchunguzwa kwa kuwa imeishi zaidi ya miaka thelathini, kumbukumbu za mabadiliko yake ziko wazi, na inatumika mahali pengi ambapo mtumiaji hajui kuwa ipo. Imo katika seva za Linux za vyuo na ofisi, katika visanduku vya kuhifadhia faili vinavyouzwa madukani, na katika baadhi ya ruta zenye tundu la USB. Kazi yake inaelezeka kwa ufupi. Kompyuta za Windows huombana faili na huduma za uchapaji kwa itifaki iitwayo SMB; Samba huiwezesha seva isiyo ya Windows kuizungumza itifaki hiyo, hata mtu afunguaye folda kutoka dawati lake asione tofauti.

2.0 Msimbo uliozaliwa kwa kusikiliza

Mwanzo wa Samba unaeleza sehemu kubwa ya matatizo yake ya baadaye. Andrew Tridgell, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Australia mjini Canberra, alitoa toleo la kwanza Januari 1992. Hakuwa na maelezo rasmi ya itifaki aliyokuwa akiiandikia. Alinasa mawasiliano yaliyopita kati ya kompyuta mbili, akayatazama, akakisia maana, kisha akajaribu. Baadaye aliifananisha njia hiyo na mtu aketiye mkahawani Ufaransa bila kujua Kifaransa, akijifunza lugha kwa kuwasikiliza wateja na wahudumu. Jina lenyewe lilipatikana kwa kutafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo.

Msimbo ulioandikwa kwa kusikiliza una tabia yake. Hujaa masharti madogo madogo yanayoshughulikia mienendo iliyoonekana mara moja katika toleo fulani la Windows, na ni vigumu kwa mtunzaji wa baadaye kujua lipi ni kanuni na lipi ni ajali. Hali hii ilianza kubadilika baada ya uamuzi wa Tume ya Ulaya wa 2004 dhidi ya Microsoft, uliothibitishwa na mahakama Septemba 2007. Desemba mwaka huo timu ya Samba ilipata njia ya kuzipata nyaraka za itifaki kwa malipo ya mara moja ya yuro 10,000. Waliokuwa wakisikiliza sasa waliweza kusoma. Hata hivyo, kusoma hakukufuta miaka kumi na mitano ya makisio yaliyokwisha kuwekwa ndani ya msimbo, na matunzo ya Samba tangu hapo yamekuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya kuyatoa makisio hayo bila kulivunja jengo linalokaliwa.

3.0 Kasoro iliyokaa mahali pamoja

Mfano wa kwanza ni wa Aprili 2012. Seva inapopokea ombi kutoka mtandaoni, hupokea mfululizo wa baiti ambao lazima ugeuzwe kuwa taarifa zenye umbo. Zamani msimbo wa ugeuzaji huo uliandikwa kwa mkono, ombi moja baada ya jingine, na kila mkono ulikuwa na makosa yake. Watunzaji wa Samba waliuondoa utaratibu huo hatua kwa hatua. Umbo la kila ombi liliandikwa kwa lugha fupi ya maelezo, na programu iitwayo PIDL ikawa inazalisha msimbo wenyewe.

Uboreshaji huu ulileta hatari ambayo haikuwapo awali: kosa moja katika kizalishi huzaliwa upya katika kila kinachozalishwa. Ndivyo ilivyotokea. PIDL ilizalisha msimbo uliokagua urefu wa orodha bila kuuoanisha na kipimo kilichotumika kutenga kumbukumbu, na mtu wa nje aliweza kuendesha maagizo yake ndani ya seva kwa mamlaka ya msimamizi mkuu bila hata kuingia kwa nywila. Ni vigumu kufikiria kasoro mbaya zaidi ya hiyo katika seva ya faili.

Hata hivyo, kwa mtazamo wa matunzo, huu ni mfano wa ubora. Kosa lilikuwa mahali pamoja. Lilirekebishwa katika kizalishi, msimbo ukazalishwa upya, na timu ikaweza kutoa viraka hata kwa matoleo ya zamani ambayo haikuwa tena na wajibu wa kuyahudumia. Wanaohariri miswada ya tenzi za kale wanaijua tofauti hii. Kosa lililoingizwa na mnakili mmoja mmoja husakwa katika kila nakala peke yake. Kosa lililo katika nakala mama huonekana kote, lakini ukilijua hapo, umelijua kote.

4.0 Sharti moja, miaka saba

Mfano wa pili ni wa Mei 2017, siku chache baada ya shambulio la WannaCry kuzifunga kompyuta za Windows katika nchi nyingi. Shambulio hilo lilitumia udhaifu katika msimbo wa Microsoft wenyewe, na Samba haikuhusika. Tarehe 24 mwezi huo, timu ya Samba ilitangaza kasoro yake. Mteja aliyeruhusiwa kuandika ndani ya folda ya pamoja aliweza kupakia faili yenye msimbo, kisha akaiomba seva ifungue huduma ya ndani akitaja jina lenye alama ya mkwaju, yaani njia ya kuelekea faili ile. Seva iliipakia na kuiendesha kama sehemu yake.

Udhaifu huo ulikuwapo tangu toleo 3.5.0 la 2010. Marekebisho yake yalikuwa sharti dogo: jina lenye mkwaju likataliwe. Miaka saba, na sharti moja.

Wapo wanaoutumia mfano huu kudai kwamba uwazi wa msimbo haulindi chochote, kwa kuwa macho yote yaliyoweza kuusoma hayakuona. Dai hilo lina ukweli, ila linakosea shabaha. Taratibu za Samba za kukagua mabadiliko ni kali: kila badiliko hupitiwa na wanatimu wengine, kisha hupitishwa katika majaribio ya kujiendesha kabla ya kuingizwa. Lakini taratibu hizo hukagua kinachoingia. Kilichokwisha kuingia hakimlazimu mtu yeyote kukirudia, isipokuwa awepo mtu aliyepewa muda, yaani aliyelipwa, wa kufanya hivyo. Hapa ndipo sera inapotofautiana na maadili: bidii ya mkaguzi mmoja haiwezi kuziba pengo la saa ambazo hakuna aliyezilipia.

5.0 Jina na kitu chenyewe

Mfano wa tatu ndio unaoistahili nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndani yake watunzaji walikiri kwamba kiraka hakitoshi.

Mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo, ina kiungo kielekezi: faili ndogo isiyo na maudhui yake, inayosema tu “unachokitafuta kiko kule”. Kwa mtumiaji wa kawaida ni njia ya mkato. Kwa seva ya faili ni mtego. Tuseme seva imeruhusiwa kutoa folda iitwayo “idara” pekee. Mteja anaomba faili iliyo ndani ya “idara/ripoti”. Seva inakagua jina: je, njia hii iko ndani ya “idara”? Iko. Kisha inakwenda kuifungua. Katika upenyo kati ya ukaguzi na ufunguaji, ambao ni sehemu ndogo sana ya sekunde, mteja mwingine anaiondoa folda ya “ripoti” na kuweka kiungo kielekezi chenye jina hilo hilo kinachoelekea nje, pengine kwenye folda ya mfumo. Seva inafungua kitu ambacho haikukikagua. Imekagua jina, imefungua kitu, na kati ya hivyo viwili jina limehama.

Udhaifu wa aina hii ulitiwa kiraka Machi 2017. Kiraka kilifanya kazi katika ufunguaji wa faili, lakini kilivuruga baadhi ya mipangilio halali kiasi kwamba siku chache baadaye toleo jingine lilitolewa kurekebisha marekebisho. Tukio hilo dogo lilidhihirisha jambo kubwa. Tatizo halikuwa katika mstari huu au ule. Safu nzima ya Samba inayozungumza na mfumo wa faili ilijengwa juu ya dhana kwamba jina la njia linatosha kukitambulisha kitu, na dhana hiyo ilikuwa imesambaa katika kazi zote: kuunda folda, kubadili jina, kufuta, kusoma ruhusa, kuandika tarehe.

Dawa yake inajulikana tangu zamani na wataalamu wa mifumo endeshi. Seva ikishalifungua folda hupewa na mfumo endeshi namba, ambayo hapa inaweza kuitwa mshikio. Mshikio hauelekezi kwenye jina bali kwenye folda yenyewe. Hata mtu akibadili majina yote, aliyeshika ameshika. Seva inaweza kwenda hatua kwa hatua, kutoka mshikio hadi mshikio, na kukataa kufuata kiungo kielekezi popote inapokikuta. Ni tofauti kati ya kumtafuta mtu umatini kwa kuita jina lake na kwenda naye mmeshikana mikono.

Kuijua dawa ni jambo moja. Kila kazi iliyopokea jina ililazimika kubadilishwa ipokee mshikio, na kila moduli iliyotegemea kazi hizo ikalazimika kufuata: moduli ya pipa la taka, ya kumbukumbu za ukaguzi, ya kompyuta za Apple, ya nakala za zamani za faili, na ya mifumo ya hifadhi iliyosambazwa. Watunzaji, miongoni mwao Jeremy Allison na Ralph Böhme, walilifanya hili kwa miaka kadhaa huku matoleo mapya yakiendelea kutoka takriban kila miezi sita. Kazi ilikamilika katika toleo 4.15, Septemba 2021. Kwa mtumiaji wa kawaida folda ilifunguka kama ilivyofunguka jana.

Hapa ulinganisho na historia ya Samba yenyewe unafundisha. Mwaka 2003 timu ilianza mradi wa Samba 4, uandishi upya wa karibu kila kitu, ikiwamo seva mpya ya faili. Toleo 4.0 lilitoka Desemba 2012. Sehemu ya kusimamia watumiaji na kompyuta za taasisi kwa mtindo wa Active Directory ilikuwa mafanikio makubwa yasiyopingika. Lakini seva ya faili iliyosafirishwa kama chaguo la kawaida ilikuwa ile ya zamani, iliyoendelea kutunzwa upande wa pili, na ile mpya ikabaki pembeni. Karibu miaka tisa ya kazi, na shughuli iliyoipa programu jina lake ikarudishwa kwa msimbo uliokusudiwa kuachwa. Uandishi upya uliojitenga ulishindwa pale ambapo uandishi upya ndani ya msimbo unaotumika ulifanikiwa baadaye. Sababu haikuwa upungufu wa vipaji, maana baadhi ya watu walikuwa wale wale. Seva ya zamani ilikuwa na watumiaji, na kila siku watumiaji hao waliifundisha jambo ambalo ile mpya haikulisikia.

Pamoja na sifa hiyo, watunzaji wana la kujibu. Mashambulio ya viungo vielekezi yalirahisishwa na nyongeza za Unix katika SMB1, toleo kongwe la itifaki, zilizomruhusu mteja kuunda viungo hivyo mwenyewe. Windows iliacha kuisakinisha SMB1 kama desturi mwishoni mwa 2017. Samba iliizima katika mipangilio yake ya kawaida 2019 tu, katika toleo 4.11. Utetezi unaotolewa, kwamba mashine kuukuu za kutoa nakala na vifaa vya zamani vinaihitaji, ni wa kweli. Lakini huo ni utetezi wa kuwapo kwake, si wa kuiacha wazi kwa kila asiyejua kuifunga.

6.0 Kiraka kisichoweza kurudi nyuma

Mwanzoni mwa 2022 timu ilitangaza rasmi kasoro iliyokuwa imezibwa na kazi ile. Kwa kutumia SMB1, au pale folda hiyo hiyo inapotolewa pia kwa itifaki ya NFS, mteja aliweza kufikia taarifa za faili zilizo nje ya eneo lililoruhusiwa. Matoleo yote kabla ya 4.15 yalihusika. Na kwa matoleo hayo hakukuwa na kiraka, kwa kuwa mabadiliko yalikuwa makubwa mno kurudishwa nyuma. Ushauri ulikuwa kuhama, au kuizima SMB1.

Hapa mifano mitatu inakutana. Kasoro ya 2012 ilikuwa ya kutisha zaidi, lakini ilikaa mahali pamoja, na dawa iliwafikia hata waliochelewa. Ya 2017 ilizibwa kwa sharti moja. Hii ya mwisho ilikuwa ndogo kwa madhara, lakini ilikuwa imesambaa, na dawa yake iliwafikia walioweza kupanda toleo pekee. Msimbo uliotunzwa vizuri ni ule ambao kasoro zake zina makazi. Ambao kasoro zake zimetawanyika hauwezi kutengenezwa kwa ajili ya wote. Hutengenezwa kwa ajili ya wenye uwezo wa kuhama.

Suala la nani anaulipia ufumaji huu halijapata jibu la kudumu. Hadi 2011 Samba ilipokea michango yenye hakimiliki ya mtu binafsi tu, ikikataa ya kampuni, ingawa waliochangia wengi waliajiriwa na kampuni. Mwaka 2024 taasisi ya Ujerumani iitwayo Sovereign Tech Fund ilitoa yuro 688,800 kwa kazi ya Samba kupitia kampuni ya SerNet ya Göttingen. Fedha ya umma kwa msimbo wa umma ni hatua ya kupongezwa. Ila miradi iliyotajwa mbele, kama vile SMB juu ya itifaki ya QUIC na seva kupokezana kazi bila kukatika, ni uwezo mpya. Mfadhili huona uwezo mpya kwa urahisi. Miaka ya kubadilisha majina kuwa mishikio ingeelezwaje katika maombi ya fedha?

7.0 Kisanduku kilicho chini ya meza

Kwa washauri wa sera wa ukanda huu, swali linashuka hadi kwenye kisanduku cha kuhifadhia faili kilicho chini ya meza ya mhasibu au masjala. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022, na zote zinamtaka anayehifadhi data achukue hatua za kiufundi za kuilinda. Kisanduku hicho hubeba majalada ya wanafunzi, wagonjwa na watumishi. Samba iliyomo ndani yake iliwekwa na mtengenezaji wa kifaa, na ndiye pekee mwenye kuibadilisha kwa njia ya kawaida. Msimbo ni huria. Mmiliki wa kisanduku si huru.

Mradi wa Samba wenyewe huhudumia mfululizo mmoja wa matoleo kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Kifaa cha ofisi hukaa miaka mingi zaidi ya hiyo. Wasambazaji wa Linux huliziba pengo hilo kwa kurudisha viraka nyuma, kazi muhimu isiyosifiwa vya kutosha, lakini tangazo la 2022 linaonyesha mahali inapofikia kikomo. Zabuni za kawaida huuliza ukubwa wa diski, kasi ya mtandao na muda wa dhamana, na dhamana inayokusudiwa ni ya chuma na umeme. Maswali yanayokosekana ni mafupi: ndani yake mna toleo gani la Samba, ni nani atakayetoa matoleo yanayofuata, kwa maandishi, hadi tarehe gani, na je, SMB1 imezimwa siku kifaa kinapokabidhiwa? Muuzaji asiyeweza kuyajibu manne hayo anauza kifaa ambacho matunzo yake yalikoma kiwandani, na bei yake ilinganishwe na ya wengine kwa kuongeza gharama ya kukibadilisha ndani ya miaka miwili.